Mwale wa Saba Ulielekea Kwangu

Kaka yangu ni mtu wa kusikiliza. Usiniambie kila mtu anasikiliza. Watu wengi wanangoja tu zamu yao ya kusema, na mimi ni mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Yeye ukimweleza jambo anaacha anachofanya, anakutazama mdomoni, na hata ukimaliza anakaa kidogo, labda una la kuongeza. Mafundi wenzake wakampa jina la Sikio. Wateja nao wakalidaka. Mpaka mlango wa ofisi umeandikwa Sikio Mtandao, kwa rangi ya buluu aliyoipaka mwenyewe, na herufi ya mwisho imebanwa kwenye fremu kwa sababu hakupima.

Mimi ni mdogo wake wa kumfuata, na ndiye niliyekuwa napokea simu za ofisi. Nasimulia haya nikiwa na hasira, sifichi. Anayetaka kusimuliwa kwa upole akamtafute mtu mwingine.

Wazazi walipotutoka, kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, anatengeneza redio za watu kwenye meza ya kulia chakula. Tulikula sahani zikiwa magotini kwa sababu meza ilikuwa ya kazi. Kutoka redio akahamia simu, kutoka simu akahamia antena, na kwenye antena akakwama kwa mapenzi. Kazi yake ni kusambaza intaneti bila waya, kutoka paa hadi paa. Ofisi ni chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa tatu. Juu yetu kuna chuo cha ushonaji, vyerehani vinaunguruma tangu asubuhi, na juu kabisa ni paa lenye mlingoti wa kaka na antena zake bapa zilizotazama pande zote.

Masafa ya mawimbi ya hewani anayotumia hayana leseni. Hakuna aliyeyanunua, hakuna mwenye hati. Kamera za dukani, intaneti za majirani, mafundi wengine wa mji mzima, wote wanasemea hapohapo. Fikiria chumba kimoja chenye watu mia, kila mmoja ana maneno yake. Mtaelewanaje? Ndiyo maana redio hizi, vyombo vya kurusha na kupokea intaneti vinavyofungwa kwenye antena, zimewekewa adabu: kabla ya kusema, kila moja isikilize kwanza. Ikimsikia mwenzake, inyamaze, ingoje, isikilize tena. Yote hayo yanakwisha kabla hujapepesa jicho, lakini adabu ni adabu.

Tatizo mji ulijaa. Redio ya kaka ikisikiliza pande zote kwa mpigo, haikosi kumsikia mtu. Inangoja. Inangoja tena. Mteja wa bondeni kashika simu ananiuliza mimi kama tumelala. Kaka akawaza: kwa nini ningoje kelele za huku na mimi nataka kusema na mtu wa kule? Akakaa miaka miwili na kompyuta yake iliyong'oka vitufe vitatu, akaandika programu yake mwenyewe. Akazigawa antena zake miale kumi na miwili, kuzunguka pande zote kama namba za saa ya ukutani. Redio ikitaka kusema na mteja wa mwale wa kwanza, inatega sikio upande wa mwale wa kwanza tu. Kimya? Inasema. Lakini hakuifundisha jeuri. Ikiona maneno yake yanapotea njiani, inajua kuna mtu haijamsikia, basi inatanua sikio: mwale wa pili, wa kumi na mbili, wa tatu, hivyohivyo mpaka imkamate anayegongana nayo na kumngoja amalize. Kukitulia, inarudi kusikiliza upande mmoja.

Siku programu ilipokubali, kaka alishuka ngazi mbilimbili akaninyanyua juujuu mbele ya wanafunzi wa ushonaji, mimi mtu mzima na kilo zangu. Bondeni kote, watu wa mwale wa kwanza, intaneti ilitulia. Maabara ya vipimo kule ndiyo ilikuwa mteja wake wa kwanza tangu aanze kazi, na mwenye maabara, mama mmoja mfupi mwenye ulimi mkali kama wangu, ndiye aliyemletea nusu ya wateja wote. Majibu ya damu za wagonjwa yalipita kwenye antena ya kaka kwenda kwa madaktari. Kaka alijivunia hilo kuliko kitu chochote. "Wale hawawezi kungoja," alikuwa akisema. "Pale nikikosea, nimekwisha."

Sasa mume wangu.

Mume wangu alikuwa rafiki wa kaka kabla hajawa wangu. Alipokuja ofisini hakujua hata kumenya waya. Kaka alimfundisha yote, kuanzia kufunga kichwa cha kebo mpaka kusoma kelele kwenye skrini. Aliponiposa, kaka hakuuliza maswali mengi, maana aliona anamkabidhi dada yake mtu anayemjua. Tukajenga kule kilimani, na mume wangu akaanzisha kituo chake juu ya paa letu. Mlingoti wa kwanza alipewa na kaka. Antena ya kwanza, kaka. Wakaapizana kwa mdomo tu, shemeji na shemeji: wagawane masafa, chaneli za juu za kaka, chaneli za chini za mume wangu, na redio za wote zisikilize kabla ya kusema.

Ukisimama paani kwa kaka ukatazama bondeni, nyumba yangu iko nyuma ya kisogo chako moja kwa moja. Mwale wa saba. Kaka aliuita upande wa nyumbani.

Siku moja mume wangu alikuja ofisini na tabasamu lake lile lililonipoteza na mimi. Nilikuwepo, nilikuwa nakata kucha.

"Shemeji," akasema, "programu yako ni kiboko. Wewe ungekuwa nchi za watu wangekujengea sanamu."

Kaka akacheka, akaona haya.

"Ila kitu kimoja. Ukitanua sikio unapitia mpaka mwale wa saba, unapoteza muda kunisikiliza mimi. Mimi! Si tumekubaliana? Chaneli zako sizigusi. Utoe ule mwale kwenye hesabu, utaona kasi itakavyopanda."

"Kweli," kaka akasema. "Ya nini nimpeleleze shemeji?"

Akaandika mstari mmoja kwenye programu. Mwale wa saba usisikilizwe. Mimi nilimsifu mume wangu moyoni kwa kumjali kaka yangu. Nilivishwa kilemba cha ukoka nami nikakikaza vizuri kichwani.

Mwezi haukuisha, simu zikaanza.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitabu bondeni. Kisha mhasibu mmoja mzee. Kisha maabara. Wote wa mwale wa kwanza, wote neno moja: inakatika, inarudi, inakatika. Niliandika kila kitu kwenye daftari la ofisi, jina, siku na saa, kwa sababu kaka alitaka hivyo. Kila jioni alilisoma mstari kwa mstari, kisha anapanda paani.

Alibadilisha kebo zote. Akabadilisha antena ya mbele. Redio zikamwambia vilevile: tumesikiliza, palikuwa kimya, tumesema, maneno yamepotea. Zilitanua sikio mpaka mwale wa sita upande huu na wa nane upande ule, hazikumkamata mtu. Kaka akaanza kukonda. Shati likawa linamning'inia. Nikamkuta siku moja ameinamia meza, kompyuta iko mbele yake.

"Ni programu yangu," akasema. "Nilijidanganya. Miaka miwili nimejidanganya, na watu wazima wameniamini."

"Acha hizo, kaka."

"Sasa ni nini? Nimesikiliza kila mahali."

Hakusikiliza kila mahali. Lakini hata mimi sikukumbuka ule mstari mmoja. Nani anasikiliza upande wa nyumbani kwao akitafuta adui?

Na nyumbani, jamani, nilikuwa nahurumiwa! Nikifika tu nimechoka na matusi ya wateja, mume wangu ananivutia kiti. "Pole, mke wangu. Na shemeji hajambo? Leo nani kalalamika?" Nami nikamwaga. Mimi sina kifua cha kuweka mambo, anayenijua ananijua. Nikamwambia mwenye duka la vitabu kafikia kunitukana. Nikamwambia mhasibu anatafuta fundi mwingine. Nikamwambia siku mwenye maabara alipopiga, sauti imetulia kuliko kawaida yake, akasema: "Mwambie kaka yako nampenda kama mwanangu, lakini nampa wiki moja." Mume wangu akatikisa kichwa kwa masikitiko na akaniongezea chai.

Wiki ile ile mwenye maabara akahama. Alihamia kwa mume wangu.

"Nimemchukua ili asiende kwa watu baki," mume wangu alinieleza. "Shemeji akikaa sawa, namrudishia."

Nikamshukuru. Mimi huyu, kwa mdomo wangu huu, nikamshukuru!

Kaka naye alimpigia simu kumshukuru. Akarudisha simu mfukoni, akapanda paani, akakaa huko muda wa saa tatu bila kifaa chochote mkononi. Nilikwenda kumchungulia. Alikuwa anatazama bondeni tu.

Mambo yalifumuka kwa ajili ya fundi saruji. Paa letu kilimani lilivuja, na mume wangu akazima kituo Jumatano asubuhi ili liwekwe saruji mpya na ikauke. Jumatano simu ya ofisi haikulia. Alhamisi haikulia. Kaka alishinda anaitazama kama mgonjwa aliyepata nafuu, hataki kusema kitu asije akaharibu. Ijumaa saa nne asubuhi mume wangu akanipigia: "Saruji imekauka, tumewasha." Sijakata hata simu, ya mezani ikalia. Mwenye kiwanda cha mikate bondeni: inakatika.

Nilishika daftari. Nikarudi nyuma miezi mitatu. Siku tulipokosa umeme kilimani, hakuna malalamiko. Siku mume wangu alipoanguka na homa, akashindwa kuwasha jenereta, hakuna. Nikafungua ukurasa uleule mara mbili.

"Kaka," nikasema, "redio zako zinasikiliza upande wa nyumbani?"

"Upande wa nyumbani wa nini? Kule ni kwako."

"Najua ni kwangu. Zinasikiliza?"

Akanitazama vibaya. Kaka hajawahi kunitazama vile. "Usimzulie mumeo. Yule ndiye pekee aliyebaki ananipa pole."

"Futa ule mstari. Kama ni uongo nitapiga magoti hapa hapa nimwombe radhi."

Tulibishana mpaka wanafunzi wa ushonaji wakazima vyerehani wasikie vizuri. Mwishowe akavuta kompyuta kwa hasira, akafuta mstari, akabonyeza. Kwenye skrini, miale kumi na miwili inaonekana kama nguzo, kelele ikiwepo nguzo inapanda. Nguzo ya saba ilipanda mpaka juu kabisa na ikabaki pale. Ilikuwa kwenye chaneli za juu, chaneli za kaka, na haikushuka hata mara moja. Redio inayosikiliza hushuka, inawapisha wenzake. Hii haikumpisha mtu. Mume wangu alikuwa amezizima redio zake masikio, akaziongezea nguvu, na alikuwa anapiga kelele kutoka kilimani, juu ya kichwa cha kaka, hadi kwenye antena za watu wa bondeni. Wao wakawa wanawasikia wawili kwa wakati mmoja na hawamwelewi yeyote.

Na unajua zilifanya nini redio za kaka zilipomsikia sasa? Zikanyamaza. Ndivyo alivyozifundisha. Zilikuwa zinamngoja amalize, na yeye hamalizi. Bondeni kote pakazimika kabisa, na simu zikaanza kulia zote pamoja.

"Zima na wewe!" nilimpigia kelele. "Zima masikio, ongeza nguvu, tuone nani atachoka!"

"Na shule ya viziwi kule mwale wa tatu, wenye redio yao moja ndogo?" akasema. "Nikianza mimi nao wakasemee wapi?"

"Basi kamshitaki. Ofisi ya serikali ya masafa ipo."

"Nimshitaki mume wako?"

Alisema polepole, kama ananiuliza kweli. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Mume wangu nilimkuta chumba cha stoo anapanga kebo. Sikumsalimia. Nikaliona boksi ambalo nilikuwa nalipangusa vumbi kila Jumamosi, boksi la redio mpya za nguvu kubwa, na karatasi ya mzigo bado imebandikwa ubavuni. Nikasoma tarehe. Aliziagiza siku mbili kabla ya kuja ofisini na tabasamu lake kumwomba kaka autoe mwale wa saba.

"Ulipanga," nikasema.

Hata hakuuliza amepanga nini. Uso mkavu! "Masafa ni ya wote. Hakuna aliyekatiwa kiwanja hewani."

"Mliapizana!"

"Nina mteja wa kiwanda chenye kamera mia mbili, mke wangu. Kamera hazingoji. Kaka yako anataka kufanya biashara kwa adabu, afanye. Akitaka aongeze nguvu naye, nani kamkataza?"

"Alikufundisha kumenya waya. Alikupa mimi."

Hapo akageuka. Nilidhani ataona haya, walau kidogo. Badala yake akanitazama kwa namna ya mtu anayekumbushwa kitu cha kuchekesha.

"Unanilaumu mimi peke yangu? Nilijuaje nani amechoka, nani nimpigie leo, nani nimwache kwanza? Nilijuaje kama maabara imetoa wiki moja? Si ulikuwa unaniletea mwenyewe hapa mezani?"

Nikakumbuka kiti alichonivutia na chai aliyoniongezea, na kwamba alikuwa ananichimba kila jioni kwa miezi mitatu, nami nilidhani napendwa. Nikaingia chumbani, nikatia nguo kwenye begi. Hakuja kunizuia.

Kaka alikuwa bado paani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja kebo. Nikamwambia yote, boksi na tarehe, kiwanda na kamera. Alisikiliza bila kuacha kukunja. Nikafika pale pagumu. Ningeweza kupaacha. Mume wangu asingemwambia kamwe.

"Kaka, na wale wateja waliohama. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia."

Akaacha kukunja. "Unamwambia nini?"

"Kila anayelalamika. Jina na alichosema."

"Na mwenye maabara?"

"Siku ileile aliyopiga. Jioni yake."

Nilimwomba anitukane. Nilimwambia kabisa, nitukane kaka, nipige ukitaka, mimi sikujua, wallahi sikujua. Akasema, "Najua hukujua." Kisha akabeba begi langu mwenyewe mpaka chini. "Twende kwangu. Chumba cha watoto kina kitanda kitupu. Wifi yako atakutandikia."

Asubuhi niliamka mapema, nikavaa, nikamngoja sebuleni ili twende ofisini kama kawaida. Alitoka na funguo mkononi.

"Wewe baki upumzike," akasema.

"Nimeshapumzika. Simu nani atapokea?"

"Nitapokea mwenyewe, mdogo wangu."

Nilingoja aseme ni kwa siku mbili tu, au mpaka nitulie. Hakusema. Akaniaga vizuri na akatoka.

Nilishinda namsaidia wifi. Tulifua, tukapika, hatukulitaja jambo lolote. Jioni kaka alirudi, nami nikiwa jikoni nikamsikia sebuleni akimweleza wifi habari za mteja mmoja wa mwale wa tatu, anazungumza kwa furaha kidogo, sauti ambayo sikuisikia miezi mingi. Nikakusanya sahani haraka ili niwahi kusikia. Nilipoingia nazo wakanyamaza wote wawili, kisha kaka akaniuliza kama mvua imekatika.